Spika za Asan Siku ya Mgomo

Ilanjikkara,
Jumatano, baada ya mavuno.

Kaka yangu mpenzi Sasi,

Ni matumaini yangu kwamba karatasi hii itakukuta mzima huko Hyderabad, na kwamba lile koo lililokuwa likikusumbua limekuachia. Sisi huku, kwa rehema za mungu wetu Bhagavati, hatujambo. Mama ni mzima, ila magoti yake yanalalamika akipanda ngazi za hekalu, na ukimwambia asipande anakuuliza umetumwa na nani. Ng'ombe amezaa ndama jike, mweusi tii. Mimi nipo, shule inaendelea, na wanafunzi wangu wanaiogopa fizikia kuliko nyoka. Baba naye hajambo kwa mwili. Habari zake nyingine ndizo zilizonikalisha hapa, kwa hiyo nisikilize polepole.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu ya nyumbani kwetu huisikiliza Mama, na Mama akiisikia mtaa umeisikia. Najua pia utasema huyu Ambili ana maneno mengi kama redio. Haya, nina maneno mengi. Lakini aliyetaka niandike ni Baba mwenyewe.

Jambo lilianzia maktaba ya kijiji. Zile spika za zamani za ukumbini mchwa wamezila mpaka zikabaki nyavu tu, na kamati ikaamua kununua jozi mpya, ndogo, za kukaa juu ya rafu ya vitabu, kwa ajili ya jioni za Jumapili watu wanapokuja kusikiliza nyimbo. Za bei nafuu, maana unaijua hali ya maktaba. Hapo ndipo ugomvi ulipoingia. Wengine walitaka zile zinazong'aa za dukani Thrissur. Wengine wakasema haiwezekani, Asan yupo hapa hapa kijijini, anatengeneza spika tangu hatujazaliwa, tukanunue za watu tusiowajua? Beeran wa kibanda cha chai, ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema za Asan za siku hizi zinakata masikio kama wembe. Akasema mkewe akiwasha ya kwao, paka anahama.

Baba alikuwa amekaa pale pale, kikombe mkononi. Watu waliomwita Asan, yaani mwalimu, tangu alipoanza kufundisha vijana ngoma ya chenda, wote wakatazama chini. Baba akaweka kikombe, akasema basi zipimwe. Zipimwe kwa chombo, si kwa midomo. Na chombo kikisema spika zake mbovu, atafunga karakana na vifaa vyake atavigawa kwa yeyote anayevitaka. Unamjua Baba, si mtu wa kuapaapa. Mwalimu Pathrose, katibu wetu, alijaribu kulipitisha kama mzaha, lakini Baba akamtaka aliandike kwenye kumbukumbu za kikao, na likaandikwa.

Nilimwogopea, kaka. Nilikumbuka siku ile ulipomwambia maneno mbele ya mteja wa Palakkad, kwamba spika zimekuwa kali kwa sababu anatia twita, vile vispika vya sauti nyembamba, za bei ya karanga halafu anauza kwa bei ile ile, na kwamba huko ni kuibia watu. Yeye akakujibu kwamba masikio yako yameharibiwa na majumba ya sinema. Ukafunga mkoba, ukaondoka. Tangu hapo mnasalimiana kupitia kwangu, mimi nimekuwa posta. Sasa kijiji kizima kilikuwa kinakwenda kuamua nani kati yenu alisema kweli, na waliyemchagua kupima ni mimi, eti kwa sababu nafundisha fizikia na nina rafiki chuoni anayeweza kuniazima maikrofoni ya kupimia.

Kupima spika si kuwasha na kusikiliza, wewe unajua. Ukipimia ndani ya nyumba unapima na kuta, na dari, na kabati la Mama. Sauti inagonga, inarudi, na maikrofoni haijui ipi ni ya spika na ipi ni ya ukuta. Inatakiwa mahali peupe, tena kimya. Peupe tunapo, shamba la mpunga nyuma ya hekalu limekwisha vunwa na limekauka. Kimya ndicho hatuna. Alfajiri hekalu linapiga nyimbo, msikitini wanaadhini, kanisa nalo linajibu, kisha basi linapiga honi kwenye kona na muuza samaki anapita na pikipiki yake akipiga kelele kama nyumba inaungua. Jua likizama, vyura ndio wenye nchi. Mwalimu Pathrose akakuna kidevu, akasema tungoje mgomo.

Watu walicheka, lakini mzee alikuwa na akili. Siku ya mgomo hakuna basi, hakuna duka, hakuna muuza samaki. Kila mtu amenunua kuku wake jana yake, amejifungia ndani anapika. Na kwetu mgomo haukawii. Hata wiki haikuisha, chama kimoja kikakasirika kwa jambo ambalo mpaka leo sijalielewa, kikatangaza jimbo zima lifungwe. Nakuambia, kamati ya maktaba ilifurahi kuliko chama chenyewe.

Basi asubuhi ya mgomo tukasimamisha shambani jukwaa la mianzi lililobaki kutoka sikukuu ya hekalu. Tukaweka spika juu, mbali na ardhi, na maikrofoni mbele yake juu ya mwanzi mwingine, na waya mpaka kwenye kompyuta yangu chini ya mwavuli. Unapima spika moja kwa wakati. Unaipigisha mlio mmoja unaoanza chini kabisa kama ng'ombe anayeugua, unapanda, unapanda, mpaka juu kabisa kama mbu sikioni. Kompyuta inachora mstari. Spika njema hutoa sauti zote kwa nguvu moja, nene na nyembamba, kwa hiyo mstari wake hulala. Mbovu, mstari wake una vilima na mashimo. Ndiyo habari yote hiyo, ingawa niliieleza mara nyingi kuliko ninavyoeleza darasani.

Ilikuwa tupime jozi tatu tu, mbili za dukani tulizoazimwa na moja mpya ya Baba. Lakini unawajua watu wa Ilanjikkara wakisikia neno bure. Kufika saa ya chai, shamba limejaa. Wameleta spika kichwani, wameleta kwenye baiskeli, mmoja kaleta kwenye kigari cha mtoto na mtoto kambeba mgongoni. Beeran alisukuma ya kwake kwenye toroli la kuni, akatangaza kwamba daktari amefika, wagonjwa wapange foleni. Na wake zao wakaja na ndizi za kukaanga, ikawa kama harusi. Nikalazimika kupiga kelele ya mwalimu ili wanyamaze, na kila mlio ulipoanza walikaa kimya kama wako kwenye mtihani. Jogoo mmoja tu ndiye aliyekataa kugoma.

Nikuambie matokeo. Za kwanza za dukani zilivimba chini, besi tupu, halafu zikaporomoka. Za pili zilikuwa na shimo katikati, pale pale inapokaa sauti ya mwimbaji. Nikapandisha jozi mpya ya Baba. Mstari ulianza vizuri, ukalala sawasawa katikati, nikaanza kupumua. Ulipofika kwenye sauti nyembamba ukaanza kupanda, na haukurudi. Beeran akachungulia akasema si niliwaambia, wembe huo hapo. Baba aliutazama mstari kwa muda, mikono nyuma, kisha akaenda kukaa kwenye tuta.

Ningeweza kuishia hapo, na ningekuwa nimefunga karakana ya baba yangu kwa mkono wangu. Lakini Mwalimu Pathrose alikuwa amekuja na jozi yake mwenyewe, aliyotengenezewa na Baba zamani, mwaka ule wewe ulipoingia sekondari. Tukaipandisha kwa heshima tu. Kaka, mstari ule ulilala! Sijawahi kuona kitu kama kile kwa spika ya bei ile. Ulizipita za dukani zote mbili na ukaipita ile mpya ya Baba kwa mbali. Watu wakapiga makofi. Baba akanyanyua kichwa, akatabasamu kidogo, na mimi nikashikwa na ule ugonjwa wangu unaoujua, wa kutaka kujua.

Nyuma ya kila kasha Baba huchoma mwaka kwa chuma cha moto. Nikaomba spika zote za Asan zilizopo shambani, nikazipima zote, kisha nikaipanga mistari kwenye kompyuta kwa kufuata miaka. Nilidhani nitaona mwaka mmoja mambo yalipoharibika, labda mbao zilibadilika, labda gundi. Haikuwa hivyo. Kila mwaka ule mwisho wa mstari ulikuwa juu kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Haukuruka mwaka. Ulipanda kama alama za urefu wa mtoto kwenye fremu ya mlango. Mwalimu Pathrose aliyekuwa amesimama nyuma yangu akavuta pumzi, akaninong'oneza kwa huzuni kwamba twita zimekuwa za rahisi mwaka hadi mwaka. Nilikukumbuka wewe, na nikaona umeshinda.

Kamati ikasema itakata shauri Jumapili. Baba alibeba spika zake akaenda nazo nyumbani, na kuku wa mgomo hakumgusa. Mama alidhani mchuzi umekosa chumvi, akaanza kugombana na jiko.

Siku iliyofuata, Baba akiwa hekaluni, niliingia karakana nikafungua makasha. Nilitaka kuona kwa macho yangu twita za bei ya karanga. Sikuziona, Sasi. Twita ya mwaka huu na twita ya kasha la Mwalimu Pathrose ni zile zile, za kiwanda kile kile, za bei juu kidogo kuliko mtu wa kawaida angeweka. Wufa ya sauti nene, ile ile. Waya ule ule. Kilichobadilika ni rezista, ile inayomtuliza twita asipige kelele kuliko wufa. Rezista kubwa humtuliza, ndogo humwachia. Kila mwaka Baba ameweka ndogo zaidi. Na rezista, iwe kubwa iwe ndogo, bei ni moja, bei ya pipi! Mtu anayeibia watu hawezi kuwaibia hapo, hapana cha kuiba. Nikarudisha misumari nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilipoingia.

Alasiri Baba akaniita. Alisema labda jua la shambani liliziharibu spika, nipime tena mle mle karakana, hata kama kuta zitaingilia. Nikaweka maikrofoni. Yeye akakaa kwenye kigoda chake akipiga msasa ubao. Mlio ukaanza, ukapanda, ukapita katikati, ukaingia kwenye sauti nyembamba, na Baba akasema, bila kuinua kichwa, "Haya, umekwisha. Tazama mstari."

Haukuwa umekwisha. Ulikuwa unapiga yowe mle ndani hata nikaziba masikio, na mbwa wa jirani alikuwa analia uani.

Niliuzima. Kisha nikamwomba tuurudie, na anyanyue mkono utakapokwisha. Akanyanyua mkono pale pale, mapema. Ni kweli kila mzee hupoteza ncha ya juu ya usikivu, hata Mama nilimjaribu baadaye kwa hila na naye ana mwisho wake. Lakini wa Baba ulikuja mapema mno, pale yanapolia matoazi. Aliniona uso wangu, akaweka msasa chini. Akaniambia niupige mlio mmoja tu wa juu, nisiupandishe, nimwambie unapolia. Akasogea, akaweka vidole mbele ya twita, kama anayetafuta joto.

"Unalia sasa?"

"Unalia, Baba."

"Na sasa?"

"Unalia."

Nikauzima. Hakuuliza. Uso wake ulikuwa ule ule, umeinama vile vile, bado anasikiliza. Hapo nililia, kaka, wala sikujificha.

Hakunilaumu kwa kulia. Akasema kumbe si spika. Akanieleza jinsi anavyozipatanisha. Anapiga ile kanda ya melamu, ngoma na matoazi ya sikukuu ya hekalu letu, ile ya zamani, anakaa anangoja matoazi. Miaka yote amesimama mstari wa mbele na chenda yake begani, na wapiga matoazi wako nyuma yake, kwa hiyo anajua yanavyopaswa kusikika kuliko anavyojua jina lake. Kila mwaka akipiga kanda ile, matoazi yalikuwa yamesogea mbali kidogo. Alidhani kanda inachakaa. Basi akawa anapunguza rezista kidogo, anayavuta karibu, mpaka yakae pale pale anapoyajua, ndipo anafunga kasha. Hakuna spika aliyoitoa karakana ambayo haikulia sawasawa masikioni mwake. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutia hata pamba masikioni sikukuu zote zile, melamu inapopigwa saa na saa. Akanitazama kama nimetukana ukoo. Akasema mpiga chenda mwenye pamba masikioni ni sawa na mpishi aliyejiziba mdomo, na vijana wake akiwakuta nayo huwatoa kwenye mstari.

Kisha akanikataza nisimwambie mtu. Sikukuu ya hekalu inakuja na yeye ndiye anayeongoza mstari. Anasema ngoma anazisikia zote, na kifua chake kinazisikia hata zaidi, na mikono ya wenzake anaiona. Lakini nani atakayeelewa tofauti? Watasema Asan kiziwi. Watamvika shali ya heshima, watampa kiti na hotuba, na ndiyo kwaheri. Nilitaka kumbishia, ila nilijua anawajua watu wake.

Ikafika Jumapili. Ukumbi ulijaa hata madirishani. Mwalimu Pathrose alisoma matokeo kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia, kisha akamuuliza Baba kwa upole kama ana la kusema. Beeran, masikini, alitaka kuipoza hali. Akasema Asan, sema tu ulibana matumizi, nani habani siku hizi, hata chai yangu mwenyewe maziwa yanapita kwa mbali kama mkwe. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekuja na twita mbili mkobani, ya zamani na ya sasa, nimeapa moyoni kwamba sitasema neno juu ya masikio, nitawaonyesha tu kwamba ni moja, Baba si mwizi. Nikasimama. Nikahisi ncha ya sari yangu inavutwa kwa nguvu mpaka nikakaa.

Akasimama Baba. Akasema, "Ni kweli. Nilibana. Nilitia vitu rahisi nikauza kwa bei ile ile. Nisameheni."

Hakuna aliyecheka. Beeran mwenyewe alitahayari, alikuwa anatania tu. Mwalimu Pathrose alivua miwani akaifuta na haikuwa na vumbi. Mtu ambaye hajawahi kuzidisha hata bei ya msumari amesimama mbele ya kijiji anajiita mwizi, na mimi nina twita mbili mapajani zinazojua kwamba ni uongo. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba akaongeza kwamba aliapa kufunga karakana, na kiapo ni kiapo. Ndipo Mwalimu Pathrose akarudi kwenye akili zake. Akasema chombo kimesema mambo mawili, si moja: za sasa mbovu, lakini za zamani zimeshinda zote, na kumbukumbu hazikusema za mwaka gani. Maktaba inataka jozi kama ile yake ya zamani. Asan atengeneze hiyo, ikilala mstari wake kabla ya sikukuu, karakana itabaki wazi. Wote wakanyanyua mikono, Beeran akanyanyua yote miwili.

Njiani nilimgombeza Baba, sijapata kumgombeza hivyo. Nilimuuliza mtu gani anajipaka matope asiyotupiwa. Akanijibu bila kukasirika. "Mwizi husamehewa, Ambili. Umewaona leo. Kiziwi wanamwonea huruma, na huruma hiyo haina mwisho."

Akaanza kazi. Makasha ameyatengeneza kwa mti wa fenesi, mazuri, ukipitisha mkono huoni yanapoungana. Wufa ikaingia, twita ikaingia. Tulipofika kwenye rezista mambo yakagoma. Nilimwambia ile inayolaza mstari, akaitia, akaipiga ile kanda. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Akasema zimekufa. Akasema ni kama wali uliopikwa bila chumvi, matoazi yamekwenda zake, na yeye hawezi kuwapa watu kitu ambacho yeye mwenyewe anakisikia kimekufa. Nikamwambia mstari umelala, Baba, uamini. Akasema mstari anauamini, lakini mstari haujawahi kukaa ukasikiliza wimbo, na maktaba watu hawaendi kutazama mistari. Linatakiwa sikio. Nikajitolea langu. Akaniambia, samahani lakini, sikio lako ni la kusahihisha mitihani. Akaichomoa rezista, na kwa siku kadhaa makasha yalikaa vile vile, midomo wazi.

Sasa nakuja kwenye lile nililotumwa. Juzi asubuhi alinifuata nikifua nguo, akasema mtu mmoja anaruhusiwa kujua habari ya masikio yake. Mmoja tu. Nilidhani atasema Mama, maana Mama atajua tu mwisho wake, au mmoja wa wazee wa ngoma. Akasema, "Mwandikie Sasi. Kijiji kizima kiniite mwizi, sawa, nimekubali mwenyewe kwa mdomo wangu. Lakini mwanangu asinidhanie." Kisha akaninyang'anya ndoo, akanikamulia nguo zote.

Basi sasa unajua, na tuko watatu. Spika zilikuwa kali, ulisikia sawasawa, na ulisikia kabla ya chombo chochote. Ulichokosea ni sababu. Baba hakumwibia mteja wa Palakkad wala mtu yeyote, alimpa kila mtu kile alichokisikia yeye. Sikuandikii ili kukusuta. Mimi mwenyewe shambani nilisadiki ulichosema, na mimi naishi naye nyumba moja.

Pamoja na barua hii, lori la mafenesi la shemeji yake Beeran litakuletea makasha mawili yaliyofungwa kwa magunia. Ni spika za maktaba. Mgongo wa kila kasha hakuupiga misumari. Ukiufungua utaona mahali pa rezista pameachwa wazi, na kwenye karatasi iliyokunjwa amekuwekea rezista za kila namba, kutoka kubwa hadi ndogo. Unakumbuka alivyokuwa akikupiga vidole ukigusa sehemu hiyo, akisema hapo ni pa Asan peke yake. Kanda ya melamu pia ameitia, ile ile moja aliyonayo, kwa hiyo naomba isinyeshewe.

Mama anauliza kama unakula samaki huko au unakula vyakula vya barabarani, na anasema ndama hatapewa jina mpaka uje umwone. Mwalimu Pathrose anakusalimu sana, na Beeran anasema deni lako la chai limefutwa kwa furaha ya mavuno. Nami nakuombea kazi njema na usingizi mzuri, Bhagavati akulinde uendako na urudiko.

Neno la mwisho. Usimwandikie Baba pole, ataiona ni tusi. Wala usimwombe msamaha kwa karatasi, ataichoma. Kompyuta yangu imeshajua ni rezista ipi, nimemwambia namba hiyo mara nyingi, na hataki kuisikia kutoka kwangu. Wewe zipige, sikiliza mpaka matoazi yakae mahali pake, halafu mwandikie namba. Namba tu, Sasi. Kila siku anaingia karakana asubuhi, anafagia, anakaa, anaingoja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Ambili